Kona Iliyokatwa

Kwa miaka mitatu Mzee Aidarus aliitikia shikamoo ya mwanawe kila walipoonana, na baada ya "marahaba" hakuongeza neno. Kuacha kuitikia salamu ni dhambi, na mzee hakuwa mtu wa kujitwika dhambi za bure. Lakini chakula ni jambo jingine. Hakuna anayelazimishwa kula asichotaka, na chochote kilichopikwa na mkono wa Yazid, mzee hakukitia kinywani.

Chanzo chake kilikuwa mlango uliosahauliwa wazi. Wakati huo mzee bado alikuwa na duka lake la viungo kule Buguruni, alilorithi kwa baba yake, naye siku moja akapeleka mwenyewe mfuko wa bizari kwenye hoteli moja ya ufukweni iliyoagiza. Alijua kwamba mwanawe anafanya kazi kwenye hoteli hiyo. Alichoambiwa ni kwamba anapokea wageni. Alipofika mlango wa nyuma, akamwona Yazid ndani, aproni nyeupe kifuani, kisu mkononi, anakata vipande vyembamba vya nguruwe kwa ajili ya kifungua kinywa cha wazungu. Mzee akauweka mfuko chini, akageuka, akarudi kwake Tandika. Jioni ile alisema mara moja tu, mbele ya nyumba nzima:

"Mkono uliokata nguruwe hautanipikia mimi."

Yazid angeweza kuomba. Angeweza kupiga magoti, kumshika baba yake miguu, na yote yangekwisha. Lakini damu ilikuwa moja na kiburi kilikuwa kimoja. Akajibu, "Nakata tu, baba, sili. Na bizari ya kuipaka umewauzia wewe."

Neno ni mshale. Hilo lilitoka, likachoma, na likabaki pale pale lilipochoma.

Miezi minane iliyopita mama yake Yazid, Bi Wahiba, alifariki. Wiki ileile Yazid aliacha kazi ya hoteli akarudi nyumbani, akidhani kwamba aproni ikishavuliwa na hasira nayo itavuliwa. Haikuwa hivyo. Macho ya mzee yalikuwa yameshaingia ukungu kwa ugonjwa wa sukari, duka limefungwa, na shangazi Mwajabu, dada wa mzee, ametoka kwake Pugu kuja kumpikia. Shangazi alipolala na homa siku mbili, mzee alikula mkate mkavu siku mbili. Wali wa Yazid ulikaa umefunikwa hatua tatu kutoka miguuni pake mpaka ukachacha.

Na sasa Manal, dada yake mkubwa Yazid, alikuwa amekuja kutoka Tanga. Kesho, baada ya sala ya alfajiri, angemchukua baba akaishi naye huko moja kwa moja. Shangazi naye angerudi Pugu.

"Sikunyang'anyi baba," Manal alimwambia mdogo wake. "Lakini hapa atakula nini? Shangazi ana kwake, ana wajukuu. Nani atampikia?"

"Mie nipo."

"Wewe upo," Manal akasema, akaangalia pembeni.

Ilibaki jioni moja. Kama baba angekula kutoka mkononi mwake jioni hiyo, tonge moja tu, ingekuwa ndiyo radhi yenyewe hata bila kutamkwa, na pengine safari ingeahirishwa. Kama asingekula, basi. Mzee wa miaka sabini na sita, mwenye sukari, akishapelekwa Tanga habari zake utazisikia kwa simu, na siku moja simu hiyo italia saa ambayo watu hawapigiani.

Yazid aliwaza apike nini tangu alfajiri. Pilau aliijua. Biriani aliijua. Lakini hizo zilikuwa za mama. Kila punje ingepimwa na ya marehemu, na marehemu hashindwi. Akachagua chakula ambacho mama yake hakuwahi kukipika, chakula cha hoteli cha kila Jumanne, rahisi mpaka aibu: unapanga chapati kwenye trei, unamwagia nyama ya kusaga na maharage na nyanya, unafunika kwa chapati nyingine, unarudia, juu unatia jibini, unaoka. Ndani yake hakuna kitu ambacho baba yake hakipendi. Chapati anapenda. Nyama ya kusaga, ndiyo hiyohiyo ya sambusa, anapenda. Na viungo vyake, Mungu ana vichekesho, ni vya duka la baba.

Hilo alilijua siku ya kwanza kule hotelini. Sheff Jonas, Mmakonde wa Newala aliyemfundisha kazi, alipasua pakiti ya viungo yenye picha ya kofia pana ya Kimeksiko, akaisogeza puani mwa Yazid. "Harufu hii unaijua?" Yazid alicheka. Ilikuwa bizari nyembamba, pilipili, na kitunguu saumu cha unga, vimevuka bahari mbili kuja kuuzwa Dar es Salaam kama kitu kigeni.

Asubuhi alikwenda sokoni Tandika akanunua kisu kipya, ubao mpya, trei mpya ya bati. Hata kijiko cha kukorogea alinunua kipya. Kisha akamwomba Manal amwambie baba hivyo: kwamba hakuna chombo hata kimoja kilichowahi kuona hoteli. Manal akaenda, akamwambia. Mzee alikuwa barazani na tasbihi yake. Tasbihi ilisimama kidogo.

Alasiri, uani, shangazi Mwajabu alikuwa amekaa kwenye kigoda akikata vitunguu vya kachumbari.

"Ndo nini hicho sasa? Mbona unapanga kama mtu anayejenga?"

"Chakula cha Meksiko, shangazi."

"Kinaitwaje?"

Yazid akasita. "Tako."

Shangazi aliweka kisu chini. Alicheka mpaka ushungi ukamdondoka mabegani, akaufuta uso, akacheka tena. "Yaani umwendee kaka yangu, mzee wa watu, hajji, umwambie, 'Baba, karibu ule...' Ewe! Jina hilo lizike hukuhuku uani."

"Nitasema ni chapati za kuoka."

"Sema hivyohivyo, mwanangu. Utuondolee laana nyingine."

Hata Yazid alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msibani, na kicheko kilimkwaruza koo kama mwiba wa samaki.

Akatoa kopo la zamani la maziwa ya unga. Ndani yake kulikuwa na bizari nyembamba ya mwisho kutoka dukani, iliyobaki siku walipofunga. Akaikaanga kavu kwenye kikaango, akaitwanga ingali ya moto. Harufu ikapanda, ikavuka ukuta, ikaingia ndani kwa dirisha, ikapita ukumbini mpaka barazani. Haikupita dakika tano Manal akatoka mbio mbio, mkono kifuani.

"Baba anauliza nani anakaanga bizari."

Yazid akaacha kutwanga. "Umemwambiaje?"

"Nimemwambia ni wewe."

"Akasemaje?"

"Kauliza kama ni ile ya kopo la dukani. Nikamwambia ndiyo. Akasema, 'Asiiunguze.'"

Asiiunguze! Miaka mitatu, na hilo ndilo neno la kwanza la baba kuhusu upishi wake. Shangazi Mwajabu alimtazama tu, wala hakutania. Yazid akainamisha kichwa kwenye kinu, maana macho yalikuwa yamejaa, na kitunguu alikuwa anakata mwingine.

Akapika kwa mikono miwili na roho moja. Nyama aliikausha mafuta, akatia vitunguu, akatia bizari. Nyanya alizichemsha mpaka zikawa nzito, ili chapati zisilowe. Maharage aliyaponda nusu, nusu akayaacha mazima. Kisha akafanya kama mama yake alivyomfundisha angali mdogo: akachota mchuzi kidogo kwa mwiko, akauweka kiganjani, akauonja hapo. Chumvi ilitosha.

Jiko la umeme halikuwepo. Aliweka trei juu ya jiko la mkaa lenye makaa machache, juu yake akalaza kipande cha bati, na juu ya bati akapalia makaa mengine, moto juu na moto chini, vile mama alivyokuwa akioka mkate wa kumimina. Lakini bati lilikuwa limepinda. Makaa yaliteleza kuelekea upande mmoja. Alipofunua, upande wa kulia jibini ilikuwa nyekundu na inachemka. Upande wa kushoto ilikuwa imeyeyuka tu, nyeupe kama uso wa mgonjwa. Akayasogeza makaa, akasubiri, akafunua tena. Kulikuwa na nafuu. Lakini chini je? Chapati ya chini imeiva au imelowa? Jua lilikuwa linakwenda, na uso wa jibini haukumwambia kitu.

Sheff Jonas alikuwa na sheria moja ambayo aliipiga kwenye meza kila siku kwa mpini wa kisu: trei haitoki jikoni bila kukatwa kona. Mgeni akikuta unga mbichi, wewe ndiye umekatwa. Kila Jumanne, miaka mitatu, Yazid alikata kona, akainua, akatazama chini, akala amesimama. Mkono ulikuwa umeshazoea kiasi kwamba haukumwuliza. Kisu kipya kikashuka, kikakata mraba wa vidole vitatu upande wa kushoto. Akauinua. Chini ilikuwa ya dhahabu. Akautia mdomoni.

Ilikuwa tamu. Haki ya Mungu, hajawahi kupika kitu kitamu kama kile.

"Yazid," shangazi Mwajabu akasema nyuma yake, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. "Umefanya nini?"

Ndipo alipoona.

Katika nyumba ile, kitu kizima huja mbele ya mzee kikiwa kizima. Mchuzi utauonja kiganjani, hakuna ubaya. Lakini mkate, samaki, kuku, chochote chenye umbo, hakiguswi mpaka mzee aseme bismillahi, akivunje kwa mkono wake, akigawe. Kilichovunjwa kabla yake ni makombo, na makombo ni ya paka na ya waliochelewa. Bi Wahiba alipika miaka thelathini na minane na hakuna siku aliyoleta mkate wenye pengo. Yazid alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini hoteli ilikuwa imempandikiza mkono mwingine ndani ya mkono wake, na ndio huo uliokata.

"Nitengeneze nyingine," akasema.

"Kwa nyama gani? Adhana hiyo."

Na kweli, msikiti wa mtaa wa pili ulikuwa umeshaanza.

Shangazi akasimama, magoti yakalia. Akachota kachumbari, akaijaza kwenye lile pengo, akaisawazisha kwa kijiko, akanyunyiza kotmiri juu ya trei nzima ili pengo lisijitenge. "Haoni," akanong'ona. "Kona hii ielekee kwako, upande wa mlango. Yeye atakula mbele yake. Na wewe mdomo wako uufunge, wewe na kiburi chako."

"Sisemi uongo, shangazi."

"Nani kakwambia useme? Kunyamaza si kusema."

Walipomaliza kuswali, wakatandika mkeka ukumbini. Yazid akaileta trei juu ya sinia, akaiweka, kona iliyokatwa ikitazama mlango. Manal akamshika baba mkono, akamketisha. Kisha likatokea jambo ambalo Yazid hakuthubutu hata kuliota: alipoinama na jagi na beseni, baba yake akanyoosha mikono ili anawishwe. Akamnawisha. Maji yalipita kwenye vidole vile vya mzee, vyenye alama za manjano ya bizari za miaka hamsini ya duka, zisizofutika kwa maji wala sabuni.

"Harufu yake nzuri," mzee akasema, kama anayezungumza na ukuta.

Yazid akainuka na beseni kwenda kumwaga maji mlangoni. Alikuwa amempa mgongo baba yake kwa muda wa pumzi tatu.

Katika pumzi hizo tatu Manal akaja na jagi la juisi, akaketi, akaitazama trei. Hakujua lolote la uani. Aliona tu kwamba upande wa baba jibini ilikuwa imeungua kidogo na ngumu, na baba meno hana. Upande wa mlango ndiko laini, tena kumejaa kachumbari. Kwa mapenzi tu, akalishika sinia akalizungusha.

Yazid alipogeuka aliona shangazi ameinua mkono hewani, amechelewa.

"Bismillahi," akasema Mzee Aidarus, na mkono wake wa kulia ukashuka.

Vidole vikatembea juu ya ukingo wa trei vikitafuta pa kuvunja. Vikagusa vitu vya baridi, vilivyolegea. Vikaingia ndani. Vikafika kwenye bati tupu. Vikasimama. Kisha, polepole, vikapapasa ukuta wa upande mmoja, vikapapasa na wa upande wa pili, ukuta ulionyooka kama wa nyumba.

"Nani ameshakula?"



"Mie, kaka," shangazi Mwajabu akaruka. "Njaa ilinikamata kule uani, si unanijua. Tumbo langu halina adabu."

"Mwajabu, una miaka sabini. Tangu lini umekula kabla yangu?"

"Tangu leo. Uzee huu."

"Na tangu lini umekula kwa kisu?"

Macho ya shangazi yakamwendea Yazid, yakamsihi: nyamaza, mwanangu, nyamaza mara hii tu, acha mzee anung'unike kidogo, atakula. Na huenda angekula. Mkono wake bado ulikuwa ndani ya trei.

Lakini Yazid hakuweza kumwacha mwanamke mzee abebe mzigo wake. Hayo ndiyo aliyojiambia. Na chini ya hayo, kile kitu cha zamani kilikuwa kimeshaamka na kunyoosha shingo.

"Mimi nimekata, baba. Ndiyo kazi ilivyo. Mpishi hatoi chakula asichokijua."

"Mpishi," mzee akasema.

Hakusema kwa hasira. Hasira ingekuwa nafuu. Akautoa mkono, akaupangusa kwenye ukingo wa sinia, kidole kimoja baada ya kingine.

"Nilikuwa nakula. Mwajabu, wewe shahidi, nilishasema bismillahi. Nilijiambia tangu ile harufu, leo nitakula, nimpumzishe mtoto." Akamtafuta Yazid kwa macho yale yenye ukungu, akamkosa kidogo, akawa anamwangalia begani. "Kule ulikokuwa, wageni hawajui nani kaanza, wala hawajali. Mie si mgeni wa hoteli, Yazid."

"Baba, ni kipande cha vidole vitatu."

"Najua ukubwa wake. Nimekishika."

Akamwomba Manal maji. Akanawa. Akaomba mkate na chai isiyo na sukari, akala akiwa ameketi palepale mbele ya trei. Kwa kuwa mzee hakuvunja, hakuna mwingine aliyevunja. Manal alilia akiuma upindo wa mtandio wake, akirudia, "Ningejuaje? Ningejuaje?" na hakuna aliyemlaumu. Kisha shangazi akafunika trei kwa kawa, akaipeleka jikoni.

Alfajiri teksi ilisubiri nje, taa zikiwaka. Yazid alibeba masanduku. Kisha akapiga magoti barazani mbele ya baba yake, kile alichoshindwa kukifanya miaka mitatu iliyopita, na kilimtoka kirahisi kama jino lililokwisha oza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, niwie radhi."

Mkono wa mzee ukashuka, ukapapasa, ukakipata kichwa chake. Ukakaa hapo. Yazid alisubiri. Alisikia injini ya teksi, alisikia jogoo wa jirani, alimsikia baba yake akivuta pumzi ya kusema.

"Mlango wa uani utie komeo," mzee akasema. "Paka wanaingia."

Wakaondoka.

Yazid alirudi jikoni kumwaga chakula. Akafunua kawa, akasimama na kawa mkononi. Trei ilikuwa na mapengo mawili. Kona ya pili, ile ya mkabala, nayo haikuwepo.

Chumba cha baba kilikuwa ukuta kwa ukuta na jikoni. Njia ile mzee aliijua bila macho. "Shangazi! Shangazi!"

Shangazi Mwajabu alikuja akifunga furushi lake la kwenda Pugu.

"Nani amekula hapa?"

Akaitazama trei, akamtazama kijana, na uso wake ukapita mambo mengi kabla haujatulia. "Si ni baba yako," akasema. "Nilimsikia anapapasa kabla ya adhana. Nikajifanya nimelala nisimwaibishe. Amekula, mwanangu. Tulia."

Yazid akainama. Pengo lilikuwa mraba safi. Kuta zake zilikuwa zimenyooka, jibini imekatwa bila kuvutika, chapati zote tatu zimekatika mahali pamoja. Kando ya jiko kisu kipya kilikuwa kimeoshwa, kimeegemezwa ukutani kikauke.

Mzee Aidarus hakuwahi kula kwa kisu maisha yake yote.

"Alhamdulillahi," Yazid akasema. "Asante, shangazi."

"Amekula vizuri tu," shangazi akasema, na hakuweza kumtazama.

Yazid akairudisha kawa juu ya trei. Kisha akatoka, akaenda kutia komeo mlango wa uani.